Tunampa Msimamizi Daftari na Watu 30, Kazi Yenyewe Hatumfundishi

Kila msimu wa parachichi unapokaribia, mashamba na vituo vya kufungashia matunda vya Njombe na Rungwe hufanya uteuzi wa namna moja. Mchumaji aliyefanya vizuri msimu uliopita anaitwa ofisini, anaambiwa kuanzia Jumatatu yeye ni msimamizi, anakabidhiwa daftari la mahudhurio na watu 30. Posho inaongezeka kidogo. Hakuna anayekaa naye hata nusu siku kumweleza kazi hiyo mpya inafanywaje. Mafinga mambo ni hayohayo: fundi hodari wa kupasua magogo kwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, anageuzwa mkubwa wa dingdong tatu. Jijini Mbeya mhudumu wa hoteli anayewajua wateja kwa majina anapewa zamu ya usiku na wenzake wanane wa kuwaongoza. Baada ya miezi miwili mwenye biashara analalamika kwamba amepoteza mfanyakazi mzuri na kiongozi hajampata.

Naamini hapa ndipo biashara nyingi za Nyanda za Juu Kusini zinapovuja, na zinavuja kimyakimya kwa sababu hasara hiyo haina safu yake kwenye vitabu vya hesabu. Fedha za mafunzo, pale zinapokuwepo, huishia kwa mameneja: semina ya siku mbili, vyeti, picha ya pamoja. Msimamizi wa zamu, ambaye ndiye anayegusa tunda, mbao, mteja na mtu, anaachwa abahatishe. Wakati huohuo kibarua wa shamba la chai Mufindi hamfahamu mkurugenzi wala hajawahi kuisoma sera ya kampuni. Kampuni, kwake yeye, ni yule anayemwandikia kilo, anayemkubalia au kumkatalia kwenda msibani, anayemfokea au kumwita pembeni. Uongozi wote uliobaki unamfikia kupitia mtu huyo mmoja.

Kosa la kwanza la msimamizi mpya huonekana ndani ya wiki: mikono haimtulii. Akimwona mtu anachelewa, anachukua mkasi anachuma yeye. Akiona foleni mapokezi, anasimama kaunta yeye. Kasi ya mtu mmoja inapanda, na wale 29 wanakosa macho ya kuwaangalia. Si mkaidi wala mpenda sifa. Miaka yote amesifiwa kwa kasi ya mikono yake, na hakuna aliyemwambia kwamba kipimo kimebadilika. Ndiyo maana barua ya uteuzi ya mstari mmoja haitoshi. Iandike anapimwa kwa nini sasa: makreti mangapi ya kikundi chake yamepita kwenye upangaji wa madaraja na mangapi yamekataliwa, mahudhurio ya kikundi yakoje, ajali ngapi zimetokea, na watu wapya wangapi wameimudu kazi ndani ya wiki mbili. Vipimo vinne vinatosha. Ukimpa kumi na viwili atachagua mwenyewe vile vilivyo rahisi.

Katika hivyo vinne, ninaoupa uzito kuliko vyote ni uwezo wa kufundisha, kwa kuwa makosa mengi tunayoyaita uzembe ni kazi ambayo mtu hakufundishwa sawasawa. Kwetu kufundisha maana yake ni kumwambia mgeni "kaa karibu na mwenzako, utaona anavyofanya". Mwenzake naye alijifunza kwa kuona. Kosa la mtu wa kwanza linarithiwa hadi mtu wa kumi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia viwanda vya Marekani vilipata tatizo kama hili kwa kiwango kikubwa. Mafundi wengi walikwenda vitani, nafasi zao zikachukuliwa na watu ambao hawakuwahi kushika mashine. Serikali iliandaa mpango wa mafunzo ambao, badala ya kumfundisha kila mfanyakazi, ulimfundisha msimamizi namna ya kufundisha. Ulikuwa na hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, kisha mfuatilie. Baada ya vita mpango huo ulifika Japani, Toyota wakauchukua na kuujenga ndani ya utaratibu wao wa kazi. Hauhitaji kompyuta wala mtaalamu wa kutoka nje, unahitaji msimamizi aliyeichambua kazi yake vipandevipande kabla ya kufungua mdomo.

Chukua uchumaji wa parachichi aina ya Hass kwa ajili ya soko la nje. Kumwandaa mtu maana yake ni kumuuliza kwanza anajua nini. Kijana aliyekulia Njombe amechuma parachichi tangu utoto, tena kwa kupiga mti na kuokota chini. Asipoulizwa, tabia hiyo ataingia nayo shambani na utaigundua jioni. Hatua ya pili ni kuonyesha, na hapa ndipo wasimamizi wengi wanapokimbia. Kazi ionyeshwe mara tatu. Mara ya kwanza taja hatua tu: shika tunda, kata kikonyo kwa mkasi, laza tunda kwenye kreti, peleka kreti kivulini. Mara ya pili taja mambo ya kuzingatia: kikonyo kibaki milimita chache juu ya tunda, tunda lisirushwe, kreti lisijae kupita ukingo, tunda lililoanguka lisiingie kwenye kreti hata kama linaonekana zima. Mara ya tatu taja sababu. Kikonyo kikiachwa kirefu kinachoma matunda jirani. Kikinyofolewa, pale juu panabaki jeraha, vimelea vinaingia, na uozo unaanza kichwani mwa tunda likiwa tayari ndani ya kontena la baridi, wiki kadhaa kutoka shambani. Lililoanguka lina michubuko ya ndani ambayo haionekani hadi liive kwa mnunuzi. Kreti likijaa kupita kiasi, la juu linakandamiza yale ya chini.

Sababu ndizo zinazoshikilia kazi pale msimamizi anapogeuka. Mtu anayejua kwamba jeraha dogo la leo litageuka tunda bovu kwenye boksi la kilo nne, lenye matunda 20 ya gramu 200 kila moja, atakata vizuri hata akiwa peke yake kwenye mstari wa mwisho. Aliyeambiwa "kata hivi kwa sababu nimesema" atakata hivyo wakati unamwangalia.

Hatua ya tatu: mchumaji mpya achume mwenyewe huku akieleza kwa sauti anafanya nini na kwa nini. Akieleza vizuri lakini mkono unakosea, rudia mkono. Mkono ukiwa sawa na maelezo hayapo, rudia sababu. Hatua ya nne ni kumfuatilia kwa ratiba. Kagua kreti lake la kwanza, lingine baada ya saa moja, lingine mchana, kisha mara moja kwa siku hadi mwisho wa wiki, ukipunguza kadiri anavyoimarika. Mwambie pia, kwa jina, amuulize nani akikwama. Somo lote kwa kikundi cha watu watatu au wanne linamalizika chini ya saa moja. Kwa kikundi cha 30 halifanyiki, na ndiyo sababu moja ya kusema kwamba watu 30 kwa msimamizi mmoja asiye na msaidizi ni wengi mno. Kwa kazi ya mikono yenye madaraja ya ubora, 12 hadi 15 ndio idadi ninayoiona inafaa.

Kuna kizuizi kimoja ambacho msimamizi hawezi kukivuka kwa juhudi zake, nacho ni mizani. Ukimlipa mchumaji kwa kilo peke yake, umemwagiza akimbie. Kelele za msimamizi kuhusu kikonyo zitashindwa na malipo kila siku. Kwenye chai ni hivyohivyo: kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, mizani inalipa jani kubwa gumu sawasawa na chipukizi laini, halafu uongozi unashangaa jani linashuka ubora. Bei ya kilo ibaki ya kawaida, juu yake iwekwe nyongeza kwa mzigo uliopita ukaguzi. Kwa parachichi, toa matunda 20 kutoka kila kreti bila kuchagua; yasiyo na kikonyo au yenye mchubuko yakizidi moja, kreti linalipwa bei ya kawaida bila nyongeza. Mchumaji awepo wakati wa kuhesabu. Kama kuna makato ya uzito wa kikapu au maji kwenye jani, kiwango kiandikwe ubaoni karibu na mizani kabla ya kazi kuanza. Manung'uniko mengi ya mashambani huanzia kwenye namba ambayo mtu mmoja tu anajua imetoka wapi.

Kikao cha kuanza zamu kiwe cha dakika kumi, watu wakiwa wamesimama. Jana tulipata nini na nini kilikataliwa, leo lengo ni lipi, nani hayupo na nani anashika nafasi yake, hatari ya leo ni ipi (mvua imelowesha njia, mashine namba mbili haina kinga ya msumeno kwa hiyo haiwashwi), nani ana swali. Kikizidi dakika kumi kinageuka hotuba. Mwenye biashara atakayesema haya ni mambo ya kampuni kubwa za nje akumbuke kwamba mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilikuwa mahali pa majaribio pa mfumo wa 5S-Kaizen katika hospitali za Tanzania, kwa ushirikiano na Japani. Kazi ilianzia kwenye stoo na wodi: kuondoa visivyohitajika, kupanga, kusafisha, kuweka utaratibu mmoja na kuushikilia. Mambo hayo hufanywa na watu wa wodini, wala hayasubiri bajeti kubwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya uongozi vinavyouzwa mjini haviligusi. Vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Mkwawa au VETA wanapewa mapema watu wa kuwasimamia, na wengi wa watu hao wamewazidi umri kwa miaka 20 au zaidi. Kumsahihisha mtu wa rika la baba yako kunawashinda kwa namna mbili. Wapo wanaonyamaza kwa haya, kosa likakua hadi meneja alione mwenyewe. Wapo pia wanaojificha nyuma ya cheo, wakaongea kwa sauti ya juu mbele ya vijana wenzao. Mzee aliyevunjiwa heshima hadharani hatajibu. Ataendelea kuja kazini, na ujuzi wake hautakuja naye. Hatakuambia tena kwamba beringi inalia.

Njia inayofaa inaanza asubuhi, kabla ya kosa lolote. Shikamoo haipunguzi cheo cha mtu. Msimamizi amwamkie kila aliyemzidi umri, kila siku, hata siku ambayo ana jambo zito la kumwambia. Marekebisho yafanywe pembeni. Yaanze na kitu kilichopimwa, yafuatwe na swali, yaishie kwenye uamuzi na saa ya kukagua. Kwenye kiwanda cha mbao yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mzee. Nimepima mbao za jana jioni. Mbili kwa nne nyingi zimetoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Mashine imekuwaje?"

"Huo msumeno umeanza kucheza. Nilimwambia mtunza stoo, akasema hakuna mwingine."

"Tukiunoa na kuukaza, unaweza kutuvusha leo?"

"Utafika saa sita. Zaidi ya hapo utapata kuni."

"Basi tunoe sasa hivi. Mimi naenda stoo. Saa sita nakuja tupime mbao tano pamoja."

Kijana hakuomba radhi kwa kuuliza wala hakumshusha mzee. Alikuja na vipimo, kwa hiyo mazungumzo hayakuhusu tabia ya mtu. Swali lake lilileta habari ambayo karipio lisingeileta: tatizo lilikuwa stoo. Uamuzi aliutoa yeye, na saa ya kukagua akaitaja. Angesema "mzee siku hizi umechoka, mbao zako mbaya", mbao za unene usio sawa zingeendelea kutoka na stoo ingeendelea kuwa tupu. Kwenye dingdong, ambazo zinajulikana kwa kupoteza sehemu kubwa ya gogo kwenye maranda, msumeno unaocheza kwa nusu siku ni mzigo mzima wa mbao uliogeuka taka.

Undugu kazini nao una sura yake. Miji yetu ni midogo, watu wanaletwa na watu, na mimi sioni ubaya wa mtu kumleta mdogo wake kazini kama anaimudu kazi. Ubaya unaanza pale kaka anapomwandikia mdogo wake mahudhurio. Kanuni moja iliyoandikwa inatosha: hakuna anayesimamia, kupima kilo wala kuidhinisha malipo ya ndugu yake.

Utoro ndio unaoharibu uhusiano wa wasimamizi na watu wao kuliko jambo lolote, na kwa hapa kwetu sehemu kubwa ya huo unaoitwa utoro inatabirika. Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mfanyakazi wa kiwandani Iyunga au wa hoteli ya Iringa mjini ana shamba la mahindi kijijini, na mvua ya kwanza ikinyesha atakwenda kupanda. Anajua, mke wake anajua, msimamizi anajua. Bado kila mwaka siku ile inafika kama ajali: watu sita hawapo, simu zimezimwa, Jumatatu barua za onyo zinaandikwa. Aliyeaga kwa kusema ukweli alikatazwa, aliyedanganya kwamba anaumwa alipumzishwa. Kikundi kizima kinajifunza somo baya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Mwezi Oktoba msimamizi azungushe karatasi, kila mtu aandike siku tatu hadi tano anazohitaji kwa ajili ya kupanda, zitolewe kwenye likizo yake kwa makubaliano ya maandishi. Wanaoondoka siku moja wasizidi robo ya zamu. Kwa kuwa hakuna ajuaye mvua itaanza lini hasa, karatasi iwe na mafungu: fungu la kwanza linaondoka mvua ikishaanza kunyesha sawasawa, la pili linafuata wakirudi. Waliotangulia mwaka huu wawe wa mwisho mwakani. Karatasi kama hiyo itengenezwe tena kwa ajili ya mavuno.

Msiba haupangiki, lakini utaratibu wake unapangika. Sheria inatoa siku nne zenye malipo ndani ya mzunguko mmoja wa likizo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mkubwa hayumo. Shangazi na mjomba hawamo. Kila msimamizi anajua kwamba mtu aliyelelewa na baba mdogo hatabaki kazini siku ya kumzika, kwa hiyo anaamua mwenyewe kwa moyo wake: huyu anamruhusu, yule anamkatalia, na malalamiko ya upendeleo yanazaliwa hapo. Uongozi uandike mapema: kwa ndugu walio nje ya orodha ya sheria, siku ngapi, zenye malipo au bila malipo, na siku ngapi za ziada za safari. Kutoka Mbeya mjini kwenda Ludewa au Makete ndani wakati wa masika si safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kiwango chochote kinachojulikana na wote ni bora kuliko huruma ya mtu mmoja.

Sambamba na hilo, kila kazi muhimu ijulikane na watu wasiopungua watatu. Chora jedwali ukutani: majina kushoto, kazi juu, alama kwa anayeweza peke yake, alama nyingine kwa anayejifunza. Ukiona safu yenye alama moja tu, hapo ndipo msiba wa mtu mmoja utakaposimamisha uzalishaji. Na hilo ndilo somo la kufundisha wiki hii.

Kuhusu grupu la WhatsApp la kazini sitazunguka: limekuwa mahali pa kuumbua watu. Picha ya choo kichafu inawekwa saa nne usiku na jina la mhudumu chini yake. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu wa meneja aliyekasirika unasikilizwa na wafanyakazi 40 pamoja na wake na waume zao. Cheti cha mapumziko cha daktari, kile tunachokiita ED, kinapigwa picha na kurushwa kwa watu wote kama ushahidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya za mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Grupu libaki kwa ratiba, mabadiliko ya zamu na dharura. Makosa yazungumzwe ana kwa ana, vyeti vipelekwe kwa afisa mmoja. Mfanyakazi wa kawaida ana haki ya mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na agizo linalomtaka ajibu saa tano usiku linakula mapumziko hayo.

Makato ya shoti nayo yanahitaji kusemwa wazi, kwa sababu yanafanyika kila mahali kana kwamba ni haki ya mwajiri. Kituo cha mafuta, duka la jumla, baa, stoo ya pembejeo: fedha zikipungua mwisho wa zamu, msimamizi anagawa upungufu kwa waliokuwepo na mshahara unakatwa. Sheria ina masharti. Hasara iwe imetokea mtu akiwa kazini na kwa kosa lake, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokipata, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, naye akubali makato kwa maandishi, na jumla isizidi hasara yenyewe. Makato yasizidi robo ya mshahara. Mwenye mshahara wa 400,000 aliyekubali kwamba alisababisha upungufu wa 180,000 hakatwi zaidi ya 100,000 mwezi wa kwanza, na 80,000 zinazobaki zinasubiri mwezi wa pili. Kugawa shoti kwa watu wote kunavunja masharti hayo, tena kunamlinda mwizi, kama yupo, kwa kumpunguzia mzigo wake. Ukichunguza, shoti nyingi zinatokana na makabidhiano mabovu: watu wawili kwenye droo moja, mita ya pampu haikusomwa zamu ilipobadilika, ujumbe wa malipo kwa simu uliaminiwa bila salio kuangaliwa. Anayetoka na anayeingia wasome mita pamoja, wahesabu pamoja, wasaini wote wawili. Dakika kumi na tano za makabidhiano ni sehemu ya kazi na zilipwe.

Nidhamu ikifika hatua ya barua, msimamizi anahitaji kujua mipaka yake. Kumfukuza mtu papo hapo getini hakumo ndani yake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataka uchunguzi ufanyike kwanza, mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, aweze kuja na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Kanuni hizohizo zinauliza kama sheria ya kazini iliyovunjwa ilikuwa wazi, kama mfanyakazi aliifahamu, na kama imekuwa ikitumika sawa kwa wote. Swali hilo la mwisho ndilo linalowaangusha waajiri: mmoja alichelewa mara kumi akaachwa, mwingine alichelewa mara tatu akafukuzwa. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko kinachosomwa ni karatasi.

Kwa hiyo msimamizi afundishwe kuandika. "Ni mkaidi, hana heshima" haisaidii mbele ya mtu yeyote. Inayosaidia ni hii: "Tarehe 14, saa 2:20 asubuhi, aliwasha mashine namba mbili bila kinga ya msumeno. Nilimwambia aizime, akaizima. Alisema kinga ilitolewa jana usiku na hakuambiwa. Tumekubaliana hawashi tena bila kukagua. Nimemjulisha fundi." Mistari mitano, saini mbili. Inamlinda mwajiri, na inamlinda mfanyakazi pia, kwa sababu maelezo yake yamo.

Hayo yote hayatafanyika kama msimamizi hana mamlaka yoyote. Mtu anayebeba lawama za zamu nzima lakini hawezi kutoa ruhusa ya siku moja bila kumpigia simu meneja aliyeko Dar es Salaam, watu wake watamzoea kama mtu wa kupeleka maneno. Mpe vitu vichache kamili: ruhusa ya siku moja, kubadilisha watu nafasi ndani ya zamu, kukataa mzigo usiofaa, na kuzima mashine yoyote anayoiona ni ya hatari bila kuulizwa uzalishaji. Meneja akae naye nusu saa kila wiki, kikao kisichoahirishwa, amuulize nini kimemshinda, nani anahitaji kufundishwa na stoo imemkwamisha wapi. Akitengua uamuzi wake, amwambie yeye kwanza ndipo watu wajue.

Umteue kwa majaribio ya miezi mitatu, na barua iseme kwamba yeye au mwajiri anaweza kuona kazi haimfai, arudi kwenye nafasi yake ya zamani na malipo yake ya zamani, pasipo karipio. Bila mlango huo, fundi aliyeshindwa usimamizi anaacha kazi kwa aibu, unampoteza mara mbili. Halafu angalia malipo. Kwenye kazi za kilo, mchumaji hodari msimu ukichanganya hupata zaidi ya msimamizi wake, na kila msimamizi anaijua hesabu hiyo. Chukua mapato ya wachumaji watano wa juu wa msimu uliopita, mwezi kwa mwezi, na posho ya usimamizi iwekwe ili jumla ya msimamizi iwe juu ya wastani wao katika mwezi ule mkubwa. Ikibaki chini, uliyemfundisha kwa miezi mitatu atakuomba mwenyewe umrudishie mkasi.